Sauti Iliyofananishwa na Kengele ya Hekalu

Hotuba iliyotolewa na jirani wa hekalu, fundi redio mstaafu, katika usiku wa pili wa maadhimisho



Nashukuru kwa heshima mliyonipa. Mimi si msomi wa muziki. Ni fundi wa redio, na mikono yangu inajua zaidi kushika chuma cha kulehemu kuliko kushika karatasi ya hotuba. Lakini tangu mwaka 1962, nilipoingia dukani kama mwanafunzi wa kazi nikiwa na umri wa miaka 14, nimeisikia kengele ya hekalu hili asubuhi na jioni, na katikati ya asubuhi na jioni nimesikia redio na gramafoni zenu, kwa sababu zilipoharibika zililetwa kwangu. Kwa hiyo naweza kudai kwamba nimeyasikiliza maisha ya mtaa huu kwa njia ambayo watu wachache wamepata kuyasikiliza.

Nilipopeleka mada yangu kwa Halmashauri, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza kwa upole: "Bwana fundi, huyu Shamshad Begum si mwimbaji wa sinema? Na si Mwislamu? Sherehe yetu ni ya hekalu. Kwa nini usituzungumzie Mirabai au Surdas?" Sikumjibu siku ile. Nilimwambia anipe muda. Leo yuko hapa, ameketi safu ya pili, na yote nitakayoyasema ni majibu yake, ingawa wengine mnaruhusiwa kusikiliza.

Nianze na kengele yenyewe. Mtunzi wa muziki wa filamu O. P. Nayyar, ambaye alimjua bibi huyu tangu enzi za redio ya Lahore, aliifananisha sauti yake na kengele ya hekalu. Wengi wameirudia kauli hiyo kama sifa nzuri tu, kama vile mtu asemavyo sauti ni asali au ni kinanda. Mimi kama fundi naiona kuwa ni maelezo ya kikazi. Kengele ikigongwa, sauti haiji kwa kunyatia. Inakuja mara moja, nzima, yenye ukingo uliokatwa vizuri, kisha inakaa hewani bila kutetemeka ovyo. Mtu aliye ndani anaisikia, na aliye ng'ambo ya barabara anaisikia vilevile, hata kama katikati yao pana wauza mihogo na magari. Ndivyo alivyoimba Shamshad Begum. Hakunong'ona. Neno lake likitoka, limetoka.

Alizaliwa Punjab tarehe 14 Aprili 1919, siku moja baada ya mauaji ya Jallianwala Bagh kule Amritsar. Baba yake alikuwa fundi mitambo, nami nakiri kwamba habari hiyo ilinifurahisha nilipoisoma. Familia ilikuwa kubwa, yenye kushika dini, na isiyokuwa na uwezo wa kumpeleka mtoto kwa mwalimu wa muziki. Mwimbaji huyu hakupata mafunzo ya utaratibu kama waliyopata wenzake wengi. Alijifunza shuleni katika nyimbo za pamoja, alijifunza katika harusi za jamaa, alijifunza kwa kumsikiliza K. L. Saigal. Ami yake mmoja, mpenzi wa kawali, ndiye aliyeamini kwamba mtoto huyu ana kitu, akampeleka kwenye kampuni ya santuri mjini Lahore iliyoitwa Jenophone. Huko alikuwako mtunzi Ghulam Haider. Msichana akaimba, na wakampa mkataba wa nyimbo 12, kila wimbo kwa rupia 15.

Sasa baba. Baba hakutaka. Hatimaye alikubali kwa masharti: binti aimbe akiwa amevaa burka, na asipigwe picha. Wako watakaomlaumu mzee yule. Mimi nina mabinti watatu, na ninaujua mtaa. Najua maneno ambayo watu humwambia baba anapotoka msikitini baada ya kuwa binti yake amefanya jambo ambalo halijazoeleka. Alikuwa na hofu, akaigeuza hofu yake kuwa masharti, na binti akayakubali masharti ili aimbe. Baadaye, mtengenezaji wa filamu Dalsukh Pancholi alipotaka kumfanyia majaribio awe mwigizaji, baba alisema wazi kwamba akikaribia kamera, hata kuimba kutakwisha. Binti akamwahidi. Na jambo la ajabu ni kwamba aliishika ahadi ile kwa miongo mingi. Hata alipokuwa na jina kubwa kuliko waigizaji wenyewe, alikataa kupigwa picha. Hadi miaka ya 1970 watu waliokuwa na santuri zake nyumbani hawakuujua uso wake.

Lakini msidhani alikuwa mtoto wa kutii kila jambo. Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 15, aliolewa na mwanasheria aliyeitwa Ganpat Lal Batto. Jina mmelisikia. Bwana alikuwa Mhindu, bibi Mwislamu, na jamaa za pande zote hawakufurahi. Katika Punjab ya miaka ile jambo hilo halikuwa mchezo, na miaka 13 baadaye lingeweza kumgharimu mtu roho yake. Waliishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Kwenye redio alianza mwaka 1937, Peshawar na Lahore, katika idhaa za All India Radio. Vijana wa leo wenye simu mfukoni huenda wasielewe maana ya redio wakati ule. Santuri ilikuwa ya mwenye fedha. Sinema ilihitaji tiketi na ruhusa ya wakubwa. Redio moja iliyowekwa dirishani ilimwimbia mtaa mzima, na mwanamke aliyekuwa jikoni hakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Sauti ya Shamshad Begum ilianza kuingia jikoni kwa njia hiyo, na watunzi wa filamu wakaifuata huko.

Naomba mniruhusu nieleze kidogo kazi ilivyofanyika, kwa maana hapa ndipo ninapojua ninachokisema. Santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ilibeba dakika tatu na kitu kila upande. Mwimbaji na wapigaji waliingia chumba kimoja, wakasimama kuzunguka kipaza sauti, mara nyingi kimoja tu. Aliyepaswa kusikika zaidi alisogea karibu, mpiga ngoma alirudishwa nyuma. Hapakuwa na kukata wala kuunga. Mpiga fidla akikosea katika dakika ya tatu, wote walirudi mwanzo. Katika hali hiyo sauti nyembamba ilimezwa na ala. Sauti iliyotakiwa ni ile inayoweza kusimama peke yake mbele ya okestra na kusema kila herufi. Halafu wimbo ule ukapelekwa kwenye masafa mafupi, ukasafiri usiku, ukafifia na kurudi kama wimbi la bahari, ukaingia katika spika ndogo iliyopasuka karatasi yake. Nimefungua mamia ya redio za namna hiyo. Nawahakikishieni, zipo sauti zinazokufa ndani ya spika mbovu, na zipo zinazopita. Yake ilipita.

Mwaka 1941 Pancholi alitoa filamu ya *Khazanchi*, muziki wa Ghulam Haider, na nyimbo za Shamshad Begum zikaenea Bara Hindi lote. Ghulam Haider alichukua mapigo ya dholak ya Punjab, yaani ngoma ya harusi na ya mavuno, akayaingiza katika muziki wa filamu uliokuwa umezoea kwenda polepole. Mwaka uliofuata ikaja *Khandan*. Mwaka 1944 alihamia Bombay, na kwa miaka kumi iliyofuata ni vigumu kutaja mtunzi mkubwa ambaye hakumtafuta. Naushad alimtumia katika *Mela* ya mwaka 1948, katika *Dulari*, katika *Babul*, katika *Deedar*. C. Ramchandra aliimba naye katika *Patanga* ya mwaka 1949 ule wimbo wa mume aliyekwenda Rangoon na kumpigia mkewe simu, wimbo ambao wazee wetu hapa wakisikia mlio wake wa kwanza tu hucheka kabla ya maneno kuanza. Raj Kapoor alipotengeneza filamu yake ya kwanza, *Aag*, mwaka 1948, sauti yake ilikuwamo. Na katika *Awara* ilikuwamo pia. Nani katika pwani hii asiyeijua *Awara*? Baba zetu waliiona mara nyingi kuliko walivyowaambia mama zetu. Na si Wahindi peke yao. Waswahili walitoka Avalon wakiimba Kihindi wasichokijua maana yake, na huko Mombasa waimbaji wa taarabu, marehemu Juma Bhalo akiwa mbele yao, walizichukua tuni za filamu za Kihindi wakazivisha mashairi ya Kiswahili, nasi tukalia harusini kwa tuni iliyozaliwa Bombay.

Nirudi kwenye mwaka 1947. India ikagawanyika, na Punjab ikapasuliwa katikati. Ghulam Haider baada ya muda alirejea Lahore, na huko akafariki mwaka 1953. Noor Jehan, mwimbaji na mwigizaji mkubwa, naye alikwenda Pakistani. Shamshad Begum, binti wa Punjab, Mwislamu, mke wa Mhindu, akabaki Bombay. Kila mwenye kuhama na kila mwenye kubaki alikuwa na sababu zake, na mtaani hapa tunao wazee waliopanda meli kwa sababu zao. Ninachosema ni hiki tu: katika miaka ambayo watu walichinjwa kwa ajili ya majina yao, jina la Begum liliendelea kuandikwa juu ya santuri, na watu wa majina yote wakaendelea kuinunua.

Kisha mambo yakabadilika, na namna yalivyobadilika hunifanya nitafakari sana. Kabla hajaondoka India, Ghulam Haider alimsikia msichana mmoja mwembamba ambaye wakubwa wa filamu walisema sauti yake ni nyembamba mno. Ghulam Haider alikasirika, akampa nafasi katika filamu ya *Majboor*, mwaka 1948. Msichana huyo alikuwa Lata Mangeshkar. Yaani mtu yule yule, kwa masikio yale yale, alimwinua Shamshad na kisha akamwinua yule ambaye angekuja kukikalia kiti. Vipaza sauti vilikuwa vimekuwa bora, na sauti nyembamba sasa iliweza kusikika juu ya ala mia moja. Masikio ya watu yakazoea hariri. Wako wanaosema Shamshad Begum alidhulumiwa. Mimi siamini hivyo. Naamini chombo kilibadilika, na chombo kikibadilika hubadilisha watu. Nimeliona hilo dukani mwangu, transista ilipokuja na kuzifukuza redio za taa ambazo nilitumia miaka minne kujifunza kuzitengeneza.

Redio nayo ilikuwa na misukosuko yake. Mwaka 1952 waziri wa habari wa India, B. V. Keskar, aliona nyimbo za filamu zinawaharibu watu, na All India Radio ikazifungia mlango. Nyimbo zikafanya kama maji yafanyavyo: zikapita kwingine. Radio Ceylon, kutoka kisiwani, ikazichukua, na kila Jumatano Ameen Sayani akaziwasilisha katika kipindi cha *Binaca Geetmala*. Serikali ya India ilisalimu amri mwaka 1957 kwa kuanzisha idhaa ya Vividh Bharati. Mzee wangu wa safu ya pili, hapa nakujibu kidogo. Wakati ule walikuwapo watu wema, wasomi, wenye nia safi, walioamini kwamba wimbo wa sinema haustahili kusikika pamoja na mambo matukufu. Walikuwa na madaraka na mitambo. Watu waligeuza tu kisu cha redio.

Sasa nitoke Bombay nije kwenye mtaa wetu.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa muumini wa hekalu hili. Sote tulimwita Kaka. Kwa miaka miwili nilidhani wanamwita hivyo kwa maana yetu ya Kiswahili, ndugu mkubwa, nikashangaa kwa nini hata watoto wadogo wanamfanya ndugu yao. Ndipo nikaambiwa kwamba kwa Kigujarati *kaka* ni ami, ndugu wa baba. Basi akawa kwangu vyote viwili. Kaka alikuwa mtu mkavu. Hakusifu kazi nzuri. Alinyamaza tu, na kunyamaza kwake kulikuwa cheti. Hakuimba, hakucheka ovyo, na aliponiona nasikiliza wimbo badala ya kusikiliza hitilafu alinigonga kichwani kwa mpini wa bisibisi.

Binti yake mkubwa aliolewa mwaka 1966, na harusi ilifanyika katika ukumbi wa uani hapa hapa hekaluni. Mimi nilipewa kazi ya gramafoni na vipaza sauti. Kaka alinipa santuri zikiwa zimepangwa kwa utaratibu na akaniambia ya mwisho ni ipi. Ilikuwa ya filamu ya *Babul*, ya mwaka 1950, wimbo wa Shamshad Begum ambamo bibi harusi anaambiwa aiache nyumba ya baba yake. Sikujua Kihindi. Nilijua tu kwamba ni ya mwisho. Gari la bwana harusi lilipofika mlangoni nikaiweka sindano. Nikainua kichwa nione kama sauti inafika mbele, na nikamwona Kaka amesimama karibu na nguzo ile, ile yenye ndoano ya taa, ameshika kilemba chake mkononi, uso umelowa wote. Hakujificha. Wanaume wengine walimzunguka bila kusema neno. Wimbo ulipokwisha, alinijia, akaitoa santuri mwenyewe kwenye sahani, akaipangusa vumbi kwa ncha ya shati lake jipya, akairudisha katika karatasi yake. Akaniambia, "Sauti ilifika vizuri." Katika miaka 19 niliyofanya kazi naye, hiyo ndiyo sifa ya kazi niliyoisikia kutoka kinywani mwake.

Miaka mingi baadaye nilipofahamu kwamba mwimbaji wa wimbo ule aliiacha nyumba ya baba yake akiwa na miaka 15, akaenda kwa mume ambaye nyumba ile haikumtaka, nilitafuta santuri ile nikaisikiliza upya. Haikuwa na kilio chochote. Anaimba kwa sauti iliyonyooka, kama mtu anayesoma barua aliyokwisha kuilia jana.

Ganpat Lal Batto alifariki mwaka 1955. Mke alivunjika moyo, akajitenga, akakataa kazi kwa muda. Kurudi kwake kulitokana na Mehboob Khan, aliyekuwa akitengeneza *Mother India*, filamu iliyotoka mwaka 1957. Mehboob alitaka sauti nzito, iliyojaa, kwa ajili ya Nargis aliyeigiza mwanamke wa shamba. Hakutaka hariri katika tope lile. Na wimbo aliompa kuanza nao, mjane huyu mpya, ulikuwa wimbo wa bibi harusi anayepelekwa nyumbani kwa mumewe. Sijui ni moyo gani uliompa nguvu kuuimba. Aliuimba.

Katika filamu hiyo hiyo umo wimbo mwingine, nao ndio hasa jibu langu kwa mzee wangu. Kila mwaka ikifika Holi, kabla ya unga wa rangi kuanza kurushwa, kipaza sauti cha uani hapa hutoa wimbo mmoja wa kwaya na ngoma, wa kumtangazia Krishna kwamba Holi imefika. Watoto wenu wanaujua. Watoto wetu wanaujua pia, maana ndiyo ishara yao ya kukimbia wasipakwe, au kukimbilia ili wapakwe. Mzee, wimbo ule uliandikwa na Shakeel Badayuni. Muziki ni wa Naushad. Filamu ni ya Mehboob Khan. Na anayeongoza kuimba, kwa sauti ile ya kengele, ni Shamshad Begum. Wote wanne ni Waislamu. Umeucheza wewe mwenyewe katika ua huu tangu ulipokuwa na nywele nyeusi, na mimi ndiye niliyekuwa nikigeuza santuri. Mwaka 1974 ulinipaka rangi ya kijani masikioni. Mke wangu alishuhudia, nguo ile haikutakata tena.

(Hapa wasikilizaji walicheka, na mzee akainua mkono kukiri.)

Naahidi sitachelewesha chakula. Imebaki habari ndogo ya mwaka 1960. Katika *Mughal-e-Azam* kuna shindano la kawali mbele ya mwana wa mfalme, Salim. Upande mmoja ni Anarkali, anayeimbiwa na Lata Mangeshkar; upande wa pili ni Bahar, mwanamke mwenye wivu, anayeimbiwa na Shamshad Begum. Shairi na jibu, shairi na jibu. Mwishoni Salim anampa Bahar ua la waridi, na Anarkali anampa miiba. Wanaoijua hadithi wanajua kwamba miiba ndiyo iliyokuwa na mapenzi ndani yake, na Anarkali aliipokea kwa furaha. Lakini kwa masikio yangu waridi lile lilikwenda kwa haki. Wakati ule Lata alikuwa ameshashika ufalme wa nyimbo za filamu, na katika mzozo ule wa dakika chache sauti ya mkubwa wake haikuyumba hata kidogo.

Baada ya hapo kazi zilipungua haraka. O. P. Nayyar, yule wa kengele, hakumsahau. Alikuwa amempa nyimbo zilizovuma katika *Aar Paar* na *C.I.D.*, na mwaka 1968 alimwita katika *Kismat* aimbe na Asha Bhosle. Wimbo ule ulipendwa sana, ingawa kwenye pazia aliyefungua mdomo kwa sauti ya Shamshad alikuwa mwanamume aliyevaa kike. Ndivyo ilivyokuwa: sauti yake ilikwisha kuonekana ni ya kuchekesha, na akaipokea kazi, akaifanya kwa ukamilifu wake wote. Kisha akanyamaza. Aliishi na binti yake na mkwewe, bila kulalamika magazetini, bila kudai chochote.

Alinyamaza hata watu wakadhani amekufa. Alikuwako mwimbaji mwingine wa zamani mwenye jina lile lile, bibi yake mwigizaji Saira Banu, naye alipofariki habari zikachanganyika, na baadhi ya magazeti yakamzika huyu wetu akiwa hai. Na wakati huo huo nyimbo zake zilikuwa zimepigwa upya kwa mapigo ya disko, na vijana wakicheza. Jana usiku vijana wa hekalu hili walicheza hapa jukwaani wimbo wa filamu ya *Bahar*, ya mwaka 1951, kwa mapigo hayo mapya. Walicheza vizuri. Nilimwuliza msichana aliyekuwa mbele kama anamjua mwimbaji, akaniambia ni wa kompyuta. Sikumkemea. Mwimbaji mwenyewe ndiye aliyekataa uso wake usionekane, na huyu mtoto alifikishiwa sauti bila uso, sawasawa na mama zake wa jikoni wa mwaka 1937.

Mwaka 2009 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Bhushan. Alikuja kuipokea katika kiti cha magurudumu, na dunia ikamwona. Alifariki Mumbai tarehe 23 Aprili 2013, akiwa na umri wa miaka 94.

Ndugu Mwenyekiti, nina ombi, na ndilo lililonileta zaidi ya hotuba. Chini ya ngazi za ukumbi kuna makasha matatu ya santuri. Moja ni la Kaka. Familia yake ililikabidhi hekalu alipofariki. Nimesikia kwamba stoo itasafishwa ili kupata nafasi ya viti vipya, na kwamba makasha hayo yamehesabiwa miongoni mwa takataka. Viti ni muhimu, mimi mwenyewe magoti yangu yanavihitaji. Lakini naomba nipewe miezi mitatu. Gramafoni ninayo, sindano ninazo, na mjukuu wangu anajua kuzihamishia nyimbo kwenye kompyuta. Kila Jumamosi baada ya saa tisa nitakuwa katika chumba cha viatu, pale mlangoni, na yeyote mwenye santuri nyumbani azilete, ya bhajan, ya filamu, ya taarabu, hata iliyovunjika ukingo. Azifunge kwa kitambaa na azibebe zikiwa zimesimama, zisilazwe moja juu ya nyingine, maana zile za zamani hupasuka kama sahani.

Kwa ruhusa ya Maharaj nimeileta moja kutoka kasha la Kaka. Ni ile ya Holi. Najua si msimu wake. Ina mkwaruzo karibu na mwisho na itaruka mara mbili, msishtuke, nami nitakuwa nimesimama hapa karibu na sindano. Kijana, zima feni hiyo tafadhali.